Kuishi jirani na fisi, bweha na wezi wengine wa usiku: mwongozo kamili wa boma, banda na shamba

Asubuhi ile mbuzi saba walikuwa wamelala chini zizini, na wa nane ndiye aliyebebwa. Hao saba waliumwa tu wakaachwa. Baba alizunguka zizi mara mbili bila kusema kitu, kisha akachuchumaa mlangoni na kupitisha mkono chini ya lango. Pengo lile lilikuwa la upana wa kiganja, na sote tulilijua. Tulilipita kila siku tukienda kisimani. Fisi alilikuta, akachimba kidogo, akaingia. Ukuta wenyewe, wa miiba ya migunga tuliyoikata wiki nzima, hakuugusa.

Kwetu ni Bunda, upande unaotazama Serengeti. Tangu siku ile nimejenga mazizi kadhaa, yetu na ya majirani, na jambo moja limenikaa kichwani: mnyama anajifunza. Kila usiku unamfundisha ama kwamba kwako chakula ni cha bure, ama kwamba kwako ni kuchoka tu. Hayo mengine yote nitakayoeleza ni namna ya kumpa somo la pili badala ya lile la kwanza.

Mjue aliyekuja

Watu wengi hukosea hapa. Kondoo akifa tunasema ni fisi, tunakimbilia kuziba chini, kumbe aliyekuja ni chui na aliruka juu. Kabla watu hawajajaa na kukanyaga kila mahali, zungushia eneo kamba au matawi, kisha chuchumaa usome ardhi. Jua likiwa bado chini, kivuli hukusaidia kuona unyayo vizuri.

Unyayo wa fisi una vidole vinne na alama za kucha zinaonekana mbele ya vidole. Wa mguu wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma, na urefu wake hukaribia viberiti viwili vilivyopangwa kwa urefu. Weka kiberiti pembeni yake upige picha. Afisa wanyamapori akiiona atajua ukubwa hata kama mvua imeshafuta kila kitu. Simba na chui hutembea wakiwa wamerudisha kucha ndani, kwa hiyo unyayo wao ni wa mviringo na hauna alama za kucha. Wa simba ni mkubwa wazi kuliko wa chui. Bweha huacha unyayo kama wa mbwa mdogo, mwembamba, na ni mara chache sana akamgusa mnyama mkubwa kuliko mwanakondoo au mtoto wa mbuzi.

Kisha tazama jeraha. Chui hushika koo, na mara nyingi hubeba windo lake akalipandisha mtini. Fisi hurarua tumbo na mapaja, na mifupa huivunja. Ukikuta kinyesi cheupe kama chokaa karibu na njia, hiyo ni mifupa aliyoitafuna. Fisi wanapita hapo kila mara, si mgeni wa siku moja.

Nifungue mabano kidogo. Katika Usukuma, na hata kwetu, wapo wanaoamini kwamba fisi anayeingia bomani ametumwa na mtu. Sitaki kubishana na imani ya mzee yeyote. Ninachokijua ni kwamba fisi huyo naye ana miguu, anapita kwenye pengo, na pengo likizibwa kwa mawe anakwama. Kinachoniuma ni pale kijiji kinapomsaka bibi kizee asiye na hatia huku lango la zizi likiendelea kuning'inia kwa kamba. Watu wamekufa kwa shutuma za namna hiyo.

Ondoa kinachomwita

Fisi ananusa mzoga kutoka mbali mno. Ng'ombe akizaa, kondo la nyuma lizikwe siku ileile, kina cha magoti, juu yake weka mawe. Mnyama aliyekufa kwa ugonjwa asitupwe kwenye korongo nyuma ya nyumba. Machinjio ya kijiji yakiwa na shimo la wazi la damu na utumbo, hakuna boma litakalopumzika kilomita mbili kuzunguka hapo, na hilo ni suala la kupeleka kwenye mkutano wa kijiji, halimalizwi na mtu mmoja.

Jalala la nyumbani ni hivyo hivyo. Mabaki ya ugali na vichwa vya dagaa huita panya, panya huita kanu na kicheche, wawindaji wadogo wa usiku, na hao wakishafika wanalisikia banda la kuku. Maji ya kunyweshea mifugo yakiachwa wazi usiku wakati wa kiangazi, nayo huita.

Haya si ya kwetu peke yetu. Kule Chicago, Marekani, watafiti wamekuwa wakiwafuatilia koyote wa mjini tangu mwaka 2000. Koyote ni kama binamu wa bweha wetu. Wanaishi katikati ya mamilioni ya watu na wengi wao hawamsumbui mtu. Shida huanza pale watu wanapowalisha, kwa kukusudia au kwa kuacha chakula cha mbwa nje. Ukienda Diani, Kenya, utakuta habari hiyohiyo kwa tumbili: mgeni anampa ndizi leo, kesho tumbili anamnyang'anya mtoto mkate mezani.

Boma: anza na mlango

Ukiwa na fedha kidogo tu, usinunue waya. Tengeneza mlango kwanza. Maboma mengi niliyoyaona yakiingiliwa yalikuwa na ukuta mzuri na mlango wa tawi moja la mgunga linalovutwa jioni na kijana aliyechoka.

Mlango uwe wa mbao nzito au fremu ya chuma yenye wavu, wenye bawaba upande mmoja na komeo upande mwingine, na ufungukie ndani. Ukifungukia ndani, mnyama akiuvuta kutoka nje unagota kwenye fremu. Chini yake chimba mtaro wa kina cha futi moja, ujaze mawe makubwa na zege kama unayo, uwe kizingiti. Ukifunga, vidole vyako vinne vilivyolala visiweze kupita chini. Mimi hupima hivyohivyo, kwa mkono, kwa sababu macho yanadanganya.

Baada ya mlango ndipo ukuta. Miiba mikavu ni mizuri kwa mwaka mmoja, kisha mchwa na mvua huilegeza, na ukiendelea kukata migunga kila mwaka unamaliza kivuli na malisho yako mwenyewe. Ukiweza, tumia wavu wa senyenge wenye urefu usiopungua futi sita. Uuzike futi moja ardhini. Pale penye mwamba pasipochimbika, ukunje utoke nje kama mkeka na kuulaza chini kwa upana wa hatua moja, kisha ukandamize kwa mawe. Fisi huchimba pale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta waya chini ya kucha zake anasogea kando, anajaribu tena, anakuta waya.

Nguzo ndizo hula fedha, na huliwa na mchwa. Simanjiro, kwenye nyika ya Wamasai, wafugaji wakishirikiana na shirika la African People & Wildlife walipata njia ninayoipenda sana: badala ya nguzo mfu wanapanda vipande vya miti ya jamii ya komifora, ambavyo huchipua hata kama ni fito tu. Wavu unafungwa kwenye miti hiyo, miti inakua, na mwaka hadi mwaka ukuta unazidi kuwa imara na mrefu. Kuta hai za namna hiyo zimeshapita 1,000. Panda fito mwanzoni mwa mvua, zikaribiane, na usikaze waya sana mwaka wa kwanza ili usiikate miti changa. Kwa walio mbali na komifora, mnyaa hushika vizuri pia, ila utomvu wake ni hatari kwa macho. Vaa kitu usoni unapokata na watoto wasiuchezee.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu simba. Mara nyingi haingii bomani. Anazunguka upande ule upepo unakotoka ili ng'ombe wapate harufu yake, wanashtuka, wanavunja ukuta wenyewe na kutoka nje gizani. Kwa hiyo ukuta uzuie wa nje kuingia na wa ndani kutoka. Uweke pia sehemu ya ndani ya ndama na mbuzi, katikati ya zizi, yenye ukuta wake. Na kama unaweza kuziba macho, kwa fito zilizosongamana, kwa matete au kwa mnyaa, ziba. Ng'ombe asiyemwona simba hutulia zaidi.

Banda la kuku

Hapa maadui ni wadogo na wana akili. Kicheche hupita tundu lolote linalopitisha kichwa chake. Kanu ni mpandaji, huingia kwa juu, kwenye uwazi kati ya ukuta na bati, na ukikuta kuku kadhaa wamekufa na walioliwa wameliwa kichwa na kifua, mshuku yeye. Nguchiro huja mchana, kundi zima, na mayai ndiyo anayoyataka. Kenge humeza yai zima, haachi hata ganda. Mwewe na kunguru wanahusika na vifaranga.

Inua banda futi tatu kutoka ardhini kwa miguu laini isiyopandika. Ukiizungushia bati nusu ya chini, bora zaidi. Ule wavu mwembamba wa kuku wenye matundu makubwa ya pembe sita humzuia kuku kutoka, haumzuii kicheche kuingia. Tafuta wavu wa matundu ya nusu inchi, upigilie kwa misumari ya kupinda kila baada ya kiganja, na usisahau uwazi wa chini ya paa.

Funga banda jua linapozama, si baada ya chakula cha usiku. Nusu saa ile ya giza la kwanza ndiyo saa yao. Mkabidhi mtu mmoja kazi hii kwa jina, kwa sababu kazi ya wote haina mwenyewe. Vifaranga wakae chini ya tenga mchana mpaka watimize wiki sita hivi, na tenga liwe karibu na jiko ambako watu wapo.

Taa, kelele na mbwa

Mwaka 2013 dunia ilimsikia kijana wa Kimasai kutoka pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, Richard Turere. Akiwa mtoto anayechunga ng'ombe wa baba yake, aligundua kwamba simba hawaogopi taa iliyosimama bali wanaogopa taa inayotembea, maana inaonyesha kuna mtu macho. Akachukua betri ya gari, paneli ndogo ya sola na kifaa cha kuwashia indiketa ya pikipiki, akafunga taa kuzunguka zizi ziwake na kuzimika kwa zamu. Leo taa za namna hiyo zinauzwa, na fundi yeyote wa redio anaweza kukutengenezea.

Zifunge zikitazama nje, usawa wa jicho la fisi na la simba, yaani kama kiuno cha mtu mzima, pande zote nne. Ila kumbuka mnyama anajifunza. Taa ileile, mahali palepale, miezi sita mfululizo, huwa sehemu ya mazingira. Zihamishe. Wiki hii weka redio inayoongea, wiki ijayo iondoe. Na taa bila ukuta ni kujidanganya.

Mbwa wawili wanaobweka wana thamani kuliko mmoja mkali, kwa sababu kazi yao ni kukuamsha, si kupigana na fisi wa kilo 60. Wachanje kila mwaka dhidi ya kichaa cha mbwa. Fisi na bweha nao huupata ugonjwa huo, na hapo sisi, mbwa wetu na wao tunakuwa nyumba moja.

Malishoni nitasema kwa kifupi: wahesabu jioni wakiingia. Si mifugo yote inayoliwa huliwa bomani. Mingine ni ile iliyobaki nyuma, kilema, au mama aliyezaa vichakani mchungaji asijue. Ukikosa mmoja saa kumi na mbili, bado una dakika za mwanga za kumtafuta mkiwa wawili au watatu, wenye tochi, gizani usiende.

Shambani

Nyani na tumbili wanahitaji mtu, hakuna njia nyingine ya kweli. Mahindi yakianza kukomaa weka walinzi kwa zamu, na acha ukanda mtupu wa hatua kumi kati ya msitu na shamba, maana hawapendi kuvuka mahali pa wazi. Mazao wasiyoyapenda, kama ufuta na pilipili, yapandwe upande wa msitu.

Nguruwe pori anahitaji umakini mwingine. Rufiji na Lindi walipata somo chungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu 1990, wengi wao kusini mwa nchi, na ukaonyesha kwamba nguruwe ndiye aliyehusika nyuma ya pazia: nguruwe hufuata mahindi, simba hufuata nguruwe, na katikati yao kuna mkulima amelala kwenye dungu la fito na nyasi. Ukilazimika kulinda usiku, dungu liwe juu sana, lenye sakafu imara, kuta na mlango, ngazi ipandishwe juu. Msilale mmoja mmoja. Bora zaidi, zungusha mtaro au uzio wa fito uliosongamana ili nguruwe asiingie kabisa.

Kwa tembo, kamba ya katani iliyofungwa vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu na pilipili kali iliyosagwa huwasumbua pua. Mvua ikinyesha chovya upya. Sagalla, jirani na Tsavo Mashariki, wakulima wamefunga mizinga ya nyuki kila mita 10 ikiunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya mizinga inayumba, nyuki wanatoka, na mkulima anavuna asali pia. Tembo wakiwa tayari shambani, ita wenzako na askari wa wanyamapori wa kijiji, tumieni tochi kali na honi kutoka mbali, na muwaachie njia ya kutokea. Tembo asiyeona njia anapita juu ya mtu.

Ukikutana naye uso kwa uso

Usikimbie. Simama, jikuze, inua kitenge au shuka juu ya kichwa, piga kelele nzito, mtoto mchukue mgongoni bila kuinama sana, kisha rudi nyuma pole pole ukimtazama. Hiyo ni kwa fisi na simba. Chui usimzingire, na aliyejeruhiwa usimfuate kamwe. Tembo ni tofauti kabisa: ondoka mapema, usisubiri, usimulike machoni ukiwa karibu.

Joto likizidi watu hulala nje. Ninaelewa, nimelala nje miaka mingi. Lakini penye fisi mtoto asilale uani, na mlevi wa kijiji asiachwe njiani, mchukueni.

Fisi au bweha anayezubaa mchana kijijini, anayeyumba, anayetoa udenda au asiyeogopa mtu, mchukulie kuwa ana kichaa. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha apelekwe hospitali siku ileile kwa sindano. Dalili zikishaanza ugonjwa huu hauna tiba. Usipake majivu, usifunge, usingoje kesho.

Akishashambulia

Toa taarifa asubuhi hiyohiyo kwa mtendaji wa kijiji, naye amwite afisa wanyamapori wa wilaya. Usizike mzoga kabla haujaonwa; ufunike kwa miiba. Andika tarehe, saa, idadi, picha zenye kiberiti. Tanzania, kanuni za mwaka 2011 chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 zinatoa kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Jina lenyewe linakuambia si fidia kamili, lakini bila taarifa iliyoandikwa hupati hata hicho. Kenya, sheria ya 2013 imeweka shilingi milioni 5 kwa kifo, na taarifa hupelekwa KWS, shirika la wanyamapori la huko. Ukijitetea maisha yako sheria inakuelewa. Kwenda kumsaka mnyama bila kibali ni kosa.

Na sumu, ndugu yangu, hapana. Nimeona mzoga wa ng'ombe uliotiwa dawa ya kilimo. Tai walilala kuuzunguka, mabawa wazi, wengine bado wakitetemeka. Tai mgongo mweupe hutaga yai moja tu kwa msimu. Kundi lile halirudi kwa mwaka mmoja wala mitano. Pamoja nao walikufa mbwa wawili wa jirani. Aliyekuwa amekula mbuzi hakuwemo. Tai ndio walioisafisha mizoga yetu bila malipo, na mzoga usiosafishwa ndio unaomwita fisi tena.

Usiku tatu zinazofuata shambulio ndizo za kukesha, maana fisi hurudi kuangalia kama somo lake bado ni lilelile. Weka watu kwa zamu, taa zote, moto upande wa mlango. Sisi tulifanya hivyo baada ya mbuzi wale saba, kizingiti cha mawe kikiwa bado kibichi. Usiku wa pili mbwa walibweka mpaka saa tisa. Kulipokucha nilikuta nyayo zimezunguka zizi mara mbili, zikasimama mlangoni, na pale chini palikuwa na mikwaruzo minne juu ya jiwe. Kisha zikashika njia ya kwenda mtoni.